Mafua ya Sponji

4 Machi

Kwako Injinia wetu,

Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea kama wale wa redio. Mama Kamba, mwenzangu wa majini, anakusalimu. Jino lake bado linamtesa na bado anakataa kuling'oa. Msalimie mkwe wangu, umwambie mwenye mimba ya miezi mitatu hanyanyui ndoo hata kama mumewe amelala sebuleni anatazama mpira. Msalimie baba yako, umkumbushe kile kitabu changu cha historia alichoazima kabla hujazaliwa. Wifi naye msalimie. Mwambie ujumbe wake kwamba niache kuchezea maji nihamie chumba chenu cha nyuma nimeupokea, nimeusoma, nimeufungia maandazi.

Uliuliza kwa nini sipigi simu. Ya tatu imezama. Siwezi kuendelea kuilisha bahari simu kama ninayefuga kuku. Halafu kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho.

Sasa sikiliza. Sponji wangu wana mafua.

Usicheke. Niliachana na mwalimu mkuu na chaki zake, sikuachana na biolojia. Sponji ni mnyama, ingawa hana macho, hana tumbo wala aibu. Mwili mzima ana vitundu vidogo vinavyonyonya maji, na juu ana tundu kubwa la kuyatoa. Kutwa kucha anachuja, anakula vijidudu vilivyomo. Tope likimwingia, vitundu vinaziba. Basi anatoa ute, anajikunja polepole, anajikunjua, anausukuma uchafu nje. Hiyo ndiyo chafya yake, na ni ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Zamani nilikuwa naona mmoja mmoja akifanya hivyo. Wiki hii ni kamba nzima ya shamba langu la baharini.

Ng'ambo ya ghuba wameweka bango: UFUKWE MPYA WAJA. Nimelitazama asubuhi nzima nikiwa nimekaa ufukweni. Ufukwe ulikuwa chini yangu, umetulia, haujaenda popote wala hautarajiwi kuja. Wamekikwangua kilima miti yote. Mvua ikinyesha udongo unashuka baharini mwekundu kama chai iliyosahaulika. Chini ya kilima wameleta mashine ya kunyonya mchanga, ili boti za matajiri zipate mahali pa kulala. Boti, ambayo haina usingizi, inajengewa chumba. Mnyama aliye hai anafukiwa na tope. Na hayo wanayaita maendeleo, kwa sauti nzito, wakiwa wamevaa kofia ngumu.

Wewe umeajiriwa na kampuni ya kujenga magati. Sikuulizi kama kazi hii ni yenu. Nakuuliza kama unamjua mtu anayejua.

Kamba yangu ya kwanza ndiyo ya sponji mama, ninaowakata vipande kupanda wengine wote. Ikifa hiyo, shamba limekwisha, sina mbegu nyingine. Na kwenye kamba hiyo hiyo nimeshachagua mmoja wa kumwogeshea mtoto wenu. Wewe tulikuogesha kwa sponji niliyemwokota ufukweni, ukalia mtaa mzima ukajua umezaliwa. Huyu ni laini zaidi. Naomba asife kabla ya kazi.

Shangazi yako


19 Machi

Shikamoo Shangazi,

Huku sote wazima. Ndoo nanyanyua mimi sasa, na mpira nausikiliza kwa jirani kupitia ukutani. Baba anasema kitabu hicho alikirudisha. Mama anasema alikiona juzi chini ya mguu wa kabati. Sitaki kuingia hapo.

Nilicheka, nisamehe. Nilimsomea mke wangu habari ya mafua naye akacheka mpaka akashika tumbo. Kesho yake nikaazima kitabu cha wanyama wa baharini kazini, nikakuta ni kweli, wanapiga chafya. Nimeacha kucheka. Mke wangu bado.

Kuhusu bango, kampuni yetu ina kazi nyingi, na ghuba ziko nyingi, na ramani ninazoziona mimi huwa hazina majina ya mashangazi. Sema tu kwamba kuna mtu fulani anayeweza kulifikisha jambo mahali fulani. Kuna kitu kinaitwa pazia la tope. Ni kitambaa kizito chenye maboya juu na mnyororo chini. Kinasimama majini, tope haliwezi kupita. Likifungwa vizuri, sponji wako watasahau mafua.

Niachie mimi. Namaanisha, mwachie huyo mtu fulani.

Mwanao


2 Mei

Injinia,

Mwezi na zaidi umepita na wewe kimya. Nimemuuliza mama wa posta mpaka sasa akiniona anajifanya anahesabu stempu. Wazima huku. Jino la Mama Kamba limetoka hatimaye. Nilimsindikiza zahanati nimemshika mkono, akaning'ata mimi badala ya daktari.

Nakutajia jino kwa sababu siku hiyo hiyo, sisi tukiwa zahanati, watu wa kampuni walikuja na boti. Tumerudi jioni tumekuta shamba langu limezungushiwa pazia. Shamba langu. Pande zote, kama chumba cha maharusi. Mashine inayotoa tope iko wazi kule ng'ambo inajimwaga inavyotaka, na sisi tuliotupiwa ndio tumefungiwa ndani.

Nieleze, wewe uliyesomea. Mtu akiona jirani anachoma takataka, moshi unamwingia bibi nyumbani, anamfungia bibi kabatini? Maji yaliyomo mle yamesimama kama ya beseni. Sponji hatembei kwenda kutafuta chakula. Mkondo ndio unaomletea sahani. Mkondo ukikatwa, analala njaa. Na tope lililokwisha kuingia halina pa kutokea, linatua juu yake taratibu kama vumbi kwenye kabati la baba yako. Wa kamba ya tatu wameanza kulegea. Ukiwagusa wanabonyea na hawarudi. Wa kamba ya kwanza bado wanajikaza, huyo wa mtoto akiwemo.

Nimekwenda kwenye kibanda chao cha ofisi. Kijana wa zamu akaniambia, "Mama, hilo limewekwa kwa faida yako." Nikamwambia faida yangu naijua kwa sura, na hii sijawahi kukutana nayo. Akasema hana ruhusa ya kuligusa mpaka aliyelifunga aseme, na aliyelifunga ametoka makao makuu, amekuja mara moja na kuondoka.

Nitafutie mpumbavu huyo. Nataka jina lake, cheo chake, na saa anayokunywa chai. Nimekwenda pia kuangalia mafundo aliyofunga kwenye maboya. Nimeyatazama sana. Sisemi kitu.

Shangazi


20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kimya. Nilisafirishwa kikazi mahali, kisha mafua, ya kibinadamu. Mimba inaendelea vizuri. Mama ameshona nguo za mtoto zote za rangi ya maziwa ya unga, na tumeshukuru.

Huyo mtu unayemtafuta, nimeuliza. Makao makuu ni makubwa, watu ni wengi, kila mmoja ana cheo. Ninachosikia ni kwamba hakuwa na nia mbaya. Ninachosikia ni kwamba alipewa pazia moja tu, fupi, lisilotosha kuzunguka mashine, akafikiri, kama ni hili moja basi nilinde shamba la yule mama. Inawezekana kichwani aliwaza tope, akasahau kabisa mkondo. Hutokea kwa mtu mwenye haraka. Labda hata alidhani anatenda wema mkubwa na angependa siku moja kushukuriwa.

Nasema labda. Simfahamu.

Ninamshauri alitoe. Yaani nitamshauri nikimwona. Tatizo, akilitoa lazima aeleze kwa bosi kwa nini aliliweka pale, na huyo bosi anamfikiria kwa cheo cha mhandisi mkuu mwezi ujao. Vumilia kidogo.

Mwanao


11 Juni

Shikamoo Shangazi,

Naandika haraka, salamu za wote nimezikunja pamoja.

Pazia limekatwa. Kijana wa zamu amekuta kamba zote za upande wa ng'ambo zimekatwa, kitambaa kinaelea kama shuka lililopeperuka. Kampuni imekasirika. Wanaita hujuma. Wameunda uchunguzi, na mchunguzi waliyemteua, kwa kuwa ana ndugu ghuba hiyo na wanadhani ataambiwa ukweli, ni mimi.

Kwa hiyo nakuuliza kikazi. Umeona mtu asiye wa kawaida karibu na shamba lako? Kuna mwenye kinyongo na kampuni? Na wewe ulikuwa wapi?

Naomba ujibu kama shahidi, si kama shangazi.

Mwanao


20 Juni

Kwako mpendwa mwanangu, tumaini la ukoo,

Nakuandikia nikiwa mwenye afya na furaha, na natumai barua hii itakukuta vivyo hivyo, wewe, mke wako mwema, baba yako, na wifi yangu kipenzi. Hali ya hewa huku ni nzuri. Asubuhi upepo mwanana, mchana jua la wastani. Mama Kamba anatafuna sasa pande zote mbili. Goti limepona. Paka wa jirani amezaa.

Kuhusu maswali yako, mtu asiye wa kawaida sijamwona. Wote ninaowaona ni wa kawaida sana. Mwenye kinyongo na kampuni nitamjuaje, mimi mama mzee wa nyumbani? Nasikia huku kuna papa wenye meno makali. Nasikia pia kamba za siku hizi ni hafifu.

Mimi nilikuwa nyumbani nasoma.

Sponji wamechafuka kidogo.

Shangazi yako akupendaye


1 Julai

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeipokea. Nimeisoma mara kadhaa na mke wangu naye ameisoma. Anauliza kama unaumwa. Neno "mwanana" hujawahi kulitumia maisha yako yote, na wifi yako alipolisikia lile la "kipenzi" ilibidi akae.

Uchunguzi nimeufunga. Vipande vya kamba vililetwa mezani kwangu. Taarifa yangu inasema hivi: aliyekata hajulikani, hana ujuzi wowote wa kazi za majini, alitetemeka mkono, na kisu alichotumia ni butu.

Ni hilo tu. Salamu kwa papa.

Mwanao


6 Julai

Wewe mtoto,

Kisu changu si butu.

Nimekinoa mwenyewe kwenye jiwe la kizingiti, ndicho ninachokatia vipande vya sponji mama, na ukikata sponji kwa kisu butu unamponda, anaoza, hapandiki. Mkono wangu haujawahi kutetemeka, hata siku nilipomkabidhi mwalimu mkuu barua ya kuacha kazi. Kamba zile nilizikata kila moja kwa mkato mmoja. Kama nyuzi zimechanika ni kwa kuwa mlizivuta na boti. Kairekebishe taarifa yako.

Sasa umepata ulichokitaka. Mchunguzi hodari. Ngoja basi nami nikupe uchunguzi wangu.

Lile fundo kwenye maboya linazunguka mara mbili, linarudi kwa chini, linaacha kitanzi kimesimama kama sikio. Ni baya. Wenye vyombo wote wanalicheka. Alilibuni babu yako, akanifundisha mimi, na mimi nikamfundisha mtu mmoja tu duniani, kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo, akiwa hajafika urefu wa nguo zenyewe. Nimelijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakungoja useme.

Kufunga pazia vibaya nimekusamehe, kwa kuwa kukosea ni kazi ya wasomi. Lakini ulikuja. Ulishuka kwenye ghuba hii, ukafanya kazi mbele ya mlango wangu, ukapanda boti ukaenda zako, na hukupiga hodi. Hata kama sipo, mlango upo. Hata kikaratasi chini ya mlango hukuacha. Wezi huku wana adabu kuliko hiyo. Angalau wao huingia.

Na kwa kuwa tumeanza kusema kweli, nami niseme langu. Nilikata maji yakijaa. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira haangalii maji yanakwenda wapi, hata awe ameyafundisha miaka yote. Tope lote lililokuwa limelundikana nje ya pazia liliingia kama uji uliopinduliwa sufuria. Wewe uliwanyima chakula, mimi nikawafukia. Kamba ya tatu imekwisha. Ya pili imebaki nusu. Ya kwanza, mimi na Mama Kamba tumeipandisha karibu na uso wa maji ambako mkondo una nguvu, na kila siku tunaitikisa taratibu bila kuwatoa majini, maana hewa ikiwaingia mwilini ni balaa jingine. Wanapiga chafya kutwa. Huyo wa mtoto anapiga kuliko wote. Tope likija tena kama lile, siwezi kukuahidi kitu.

Nimelia kidogo, tena ndani ya maji, ambako hakuna ushahidi.

Shangazi


28 Julai

Shikamoo Shangazi,

Mtoto amezaliwa, kabla ya wakati aliopangiwa. Ni wa kike, mdogo kama mkate, mzima. Mama anasema ana macho ya upande wao. Baba amemsikiliza akilia akasema huyo ni dada yangu mtupu, akatoka nje.

Siku ile niliona nguo zako kwenye kamba. Nilisimama hatua chache kutoka mlangoni. Nilikuwa nimevaa fulana ya kampuni, ina bango lile lile mgongoni, UFUKWE MPYA WAJA, kwa herufi kubwa zaidi. Nikawaza, huyu akinikuta hivi nitasomeshwa mpaka maji yapwe. Nilikuwa sijui kama upo. Sikutaka kujua. Nikarudi kwenye boti. Sina utetezi mwingine.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa bosi na taarifa mpya. Nikamwambia pazia liliwekwa pasipofaa na aliyeliweka ni mimi. Akauliza kwa nini nililipeleka shambani badala ya kudai pazia la kutosha mashine. Nikasema niliogopa kudai. Akasema, "Na aliyekata?" Nikasema sijui.

"Humjui, au humtaji?"

"Bosi, ni shangazi yangu."

Kisha akasema, "Na mimi ninaye mmoja," akaifunga faili.

Pazia refu limekuja. Limezunguka mashine, wewe mwenyewe utakuwa umeliona. Na mashine inazimwa kila maji yanapoelekea shambani kwako. Kilima bado. Nimeomba kipandwe nyasi kabla ya mvua. Wamesema watafikiria, na kufikiria kwao unakujua. Hilo tutalipigania pamoja, wewe kwa maneno, mimi kwa michoro, maana kwa maneno sikuwezi.

Cheo cha mhandisi mkuu amepewa mwingine, mwenye haraka zaidi yangu. Mimi nimepewa adhabu. Nahamishiwa kwenye ghuba, nilale kwenye kibanda cha ofisi mpaka kazi iishe, nisimamie pazia kila siku. Nimeangalia ramani. Dirisha la kibanda linatazamana na mlango wako. Bosi anasema hakuijua hiyo. Simwamini.

Usitume sponji kwa posta. Nitamfuata mwenyewe.

Mwanao

Taarifa imerekebishwa. Sasa inasema: kisu kikali.


14 Agosti, kwenye ngazi ya mlango wako

Shangazi,

Hodi. Nimepiga mara tatu, na ya nne kwa ajili ya siku ile.

Nakuona huko majini na Mama Kamba, mko kamba ya kwanza. Umenipungia mkono, ila kwa umbali huu sijajua kama ni "karibu" au ni "toka hapo". Nimelichukulia kama karibu. Maji mbele yako ni maangavu hadi kwenye pazia, kisha ng'ambo yake ni chai tupu.

Naandika kwa sababu ukishatoka majini utaanza kusema, na mimi sitapata nafasi. Kitabu chako cha historia nimekileta. Kona moja ina alama ya mguu wa kabati, usimuulize baba. Mke wangu amekaa hapa kivulini, miguu imemvimba kwa safari, anasema anataka kumwona huyo papa wa meno makali.

Mtoto alikuwa amelala. Sasa hivi ameamka na amepiga chafya, moja, ya haraka, kisha akashangaa. Mwambie yule wa kamba ya kwanza asiharakishe. Tutamngoja akue, na beseni tumelibeba.

Karatasi hii naifunga kwenye kamba yako ya nguo. Fundo unalijua.

Hatuondoki.